Mashine Isiyo na Tumbo

Nchi ilibadilisha marais. Sisi wa mtaa wa nyuma ya kanisa, pale Mutakura, Prezidante wetu alikuwa yule yule. Chama chetu cha akina mama, cha kuzikana na kuozana, kilikuwa naye kabla vita havijaanza, kikawa naye vilipopamba moto, na wakubwa walipokuwa wanasaini karatasi za amani na kusaini tena, yeye alikuwa anaendesha mkutano kila Jumapili baada ya misa. Habari ya uchaguzi iliwahi kutajwa na mtu mmoja tu, Mama Odeta, mtunza vyombo wa chama. Prezidante alimtazama kwa upole.

"Unataka kiti? Chukua. Na ufunguo wa stoo ya masufuria, huu hapa. Na leo kuna marehemu wa kuosha kule juu, twende pamoja, nikuoneshe."

Mama Odeta akasema apana, alikuwa anauliza tu.

Alikozaliwa Prezidante na ukoo wake siandiki, kwa sababu sijui. Haikuwa miaka ya kumuuliza jirani alikotoka. Uliuliza kama amelala vizuri, basi. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea kupita kelele za sherehe, na hata akikunong'oneza siri, nyumba ya tatu waliipata yote. Neno lake la mkutano lilikuwa "Tumesikia, tuendelee." Mtu akilalamika juu ya zamu za kupika: tumesikia, tuendelee. Mtu akileta umbea uliovaa nguo za taarifa: tumesikia, tuendelee. Na Jumapili moja milio ilipoanza upande wa milimani, kwanza mmoja mmoja, kisha kama mahindi kwenye kikaango, akina mama wakaanza kukusanya vitenge vyao. Prezidante akainua kichwa kutoka kwenye hesabu ya sahani, akasikiliza kidogo kama mtu anayepima umbali wa mvua. "Tumesikia," akasema. "Tuendelee." Wakakaa. Wakaendelea na sahani.

Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza sekondari, nikarudi nyumbani kupumzika kidogo, na mapumziko yale yanaendelea. Ilipotangazwa amri ya kutotoka usiku, watu walinung'unika; mimi nikaona hatimaye kuna mtu serikalini anayenielewa. Riziki yangu ilipita dirishani. Nilikodisha kasete za video: mteja anasimama barabarani, mimi niko kwenye kiti, mikono tu ndiyo inasafiri. Kwa sababu hiyo mtaa uliniita fundi wa video, ingawa ufundi wangu wote ulikuwa kupuliza vumbi na kuipiga deki kofi la ubavuni. Prezidante peke yake hakudanganyika. Aliniita Bwana Ndani.

"Bwana Ndani, jua limetoka leo. Nimekuja kukuambia, maana we huwezi kujua."

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe bila aibu. Alisema televisheni inawafanya watu wajinga, na yake ilikuwa kubwa kuliko zote mtaani. Ilipofika saa ya tamthilia, mkutano ulifungwa kabla ya "mambo mengine", hata kama mambo mengine yalikuwa ni msiba wako. Alikataza machozi kwenye kikao, kwamba machozi yana siku yake, lakini yule msichana kipofu wa kwenye tamthilia akinyimwa mchumba, Prezidante alipenga kamasi kwenye kitenge mpaka mbwa akatoka nje. Wachelewaji aliwaoshesha masufuria. Mchelewaji mkubwa alikuwa yeye, na masufuria aliosha, akiimba, kama kwamba ndiyo sababu ya kuchelewa.

Na vyombo vyake vya umeme vilivaa nguo. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, televisheni ina chake chenye mawaridi, na deki ya kasete ilikuwa imefunikwa mpaka vifundoni kama bibi harusi. Nilimwambia siku moja, "Mama, deki inataka kupumua."

"Na mi nataka kupumua. Natembea uchi?"

Mume wake nilimfahamu kwa mgongo. Alikuwa mrefu, karani, mtu wa salamu moja asubuhi na nyingine jioni, na katikati hapakuwa na kitu. Siku moja alipanda basi la kwenda kaskazini kumwona dada yake mgonjwa, na basi lile halikufika. Hayo ndiyo tuliyojua, na ndiyo Prezidante aliyosema. Alisema mara moja, kwenye kikao, kisha akasoma zamu.

Picha za mzee alikuwa nazo, ukutani na kwenye bahasha. Sauti ilikuwa mahali pamoja tu: kwenye kasete ya siku walipokuja wakwe kumwomba binti yao. Kwa desturi yetu baba mwenye binti siku hiyo hasemi. Anakaa kama mgeni, na anasemewa na msemaji wa ukoo, mtu wa maneno ya kuzunguka, anayejua kujifanya haelewi wageni wamefuata nini. Siku ile barabara ilifungwa, msemaji akabaki upande wa pili wa kizuizi na koti lake zuri. Wakwe wameshakaa. Bia zimeshafunguliwa. Mzee wa salamu mbili kwa siku akasimama mwenyewe. Wanasema alisema mpaka bia zikapata moto, na wanasema watu walicheka mpaka hema likayumba. Ilikuwa hotuba yake ya kwanza, na haikufuatwa na nyingine.

Kasete hiyo ilikuwa imechezwa mno. Mwishoni mwa vita, mitaani kukiwa tayari kuna simu za mkononi na CD za Kongo, Prezidante aliileta dirishani kwangu akiwa ameishika kwa mikono miwili.

"Bwana Ndani, mzee anaanza kupotea."

Niliutazama utepe wake kwenye mwanga. Ulikuwa umejikunja pembeni kama jani la muhogo wa siku tatu. Nikasema nisingeuweka kwenye deki yangu hata kwa kulipwa. Kama ulikuwa na safari nzuri iliyobaki, ilikuwa moja.

Binti yake, yule yule aliyeombwa siku ile, alikuwa Ubelgiji na mume wake, na hakuwa na nakala. Alituma, kwa mkono wa msafiri, cha kununulia mashine ya kurekodi DVD, na ujumbe mfupi: Mama, niwekee baba kwenye diski. Ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu msafiri alisema mashine hizo ziko aina mbili. Moja ina diski kubwa iliyofungiwa ndani, ile Wafaransa wanayoiita disque dur: unarekodi humo wee, masaa na masaa, kisha unachagua cha kutoa kwenye DVD. Nyingine haina, unachomeka DVD tupu, inaandika papo hapo, basi. Mtaa haukuwa na subira na Kifaransa hicho. Kufikia jioni zilikuwa zimepata majina: yenye tumbo na isiyo na tumbo.

Kikao cha Jumapili kilizungumzia tumbo tu.

"Yenye tumbo!" alisema Mama Odeta. "Mutu akienda kununua ng'ombe, anachagua asiye na tumbo?"

Na mimi, ambaye niliitwa kama mtaalamu na kupewa kiti cha mbele, niliunga mkono. Sababu zangu zilikuwa za kisayansi: kwenye yenye tumbo huhitaji kunyanyuka kubadilisha diski. Lakini nilikuwa na sababu nyingine nzuri, na bado naona ilikuwa nzuri. Kasete ilikuwa na safari moja. Ukimwaga safari hiyo kwenye tumbo, mzee yuko ndani, unachapa diski moja, kumi, utakavyo, na umeme ukikatika wakati wa kuchapa, unatupa diski na kuanza tena. Kwenye isiyo na tumbo, umeme ukikatika katikati, diski imekufa na kasete imeshachoka. Mzee amekwenda mara ya pili.

Prezidante akanitazama. Kisha akasema, "Tutaenda kuziona. Na we unaenda na mi."

Nilikuwa sijafika Rohero, kule mjini kati, muda mrefu kiasi kwamba nilishangaa kukuta maduka yako upande ule ule. Mwenye duka alikuwa kijana mnene mwenye adabu, aliyemwita Prezidante "Maman" na kutuletea vigoda viwili. Akawasha yenye tumbo kwanza. Kweli ilikuwa nzuri. Kwenye televisheni ikatokea orodha ya picha ndogo ndogo kama stempu: harusi ya shemeji yake, ubatizo, timu inacheza, harusi nyingine.

"Zote ziko ndani, Maman. Hakuna kasete, hakuna vumbi."

"Na ikijaa?"

"Ikijaa si tatizo. Unafuta." Akabonyeza telekomande, akateremka nayo kwenye orodha mpaka kwenye harusi ya shemeji. Bibi harusi alikuwa ametabasamu ndani ya kidirisha chake. Chini yake yakatokea maandishi: *Effacer? Oui. Non.*

Prezidante alisogea na kigoda chake mpaka akawa karibu kabisa na kioo.

"Inauliza nini?"

"Inauliza kama tumfute."

"Nani amemuchagua huyu?"

"Apana Maman, ni mfano tu."

"Mi najua ni mfano. Nauliza: mashine ikijaa kwangu, kwenye chama, tuna misiba yetu yote mule ndani, tuna harusi, ni nani anachagua?"

"Ni mwenye mashine, Maman. Wewe."

Aliangalia yale maneno mawili, ndiyo na hapana, na kile kimraba cha rangi kilichokuwa kimekaa juu ya ndiyo kikisubiri. Mwenye duka akaona haraka kwamba amepoteza mteja bila kujua alimpoteza wapi, akabonyeza hapana, bibi harusi akabaki hai.

"Na radi ikipiga? Umeme ukija na nguvu, tumbo likipasuka?"

"Hapo… hapo vyote vinakwenda. Lakini ni nadra."

"Na waporaji?"

"Maman, waporaji wanachukua kila kitu."

"Apana. Kwangu waliingia. Walichukua mashine, walichukua hata vitasa. Kasete walizimwaga chini. Sijaona mporaji anayetafuta harusi ya watu." Akageukia ile ya pili, nyembamba, ya kawaida, iliyokuwa rafu ya chini. "Niwashie ile isiyo na tumbo."

Nilimshika ncha ya kitenge. Nikamkumbusha safari moja, nikamkumbusha umeme wa Mutakura, ambao ulikuwa unakuja kama mgeni wa heshima: hujui saa, na hakai.

"Nimekusikia, Bwana Ndani," alisema. "Ile inanitaka nichague mutu wa kufuta. Hii inanitaka nikae macho. Kukaa macho nimezoea."

Mwenye duka alipokuwa anafunga boksi alimwonya jambo moja: mashine isifunikwe, itapata joto. Wakajadiliana. Wakafikia kitambaa chepesi, cha matundu makubwa, na si wakati wa kazi.

Siku ya kurekodi ilikuwa Jumapili mchana. Prezidante aliiendesha kama mazishi ya mtu mkubwa. Kwa kuwa pasi na majiko ya umeme ndiyo yaliyokuwa yanaudondosha umeme wa mtaa wetu, alitoa amri: tangu mwisho wa misa mpaka atakaposema yeye, hapigi pasi mtu, hapiki mtu kwa umeme, kutoka kona ya kanisa mpaka kwa muuza mkaa. Akina mama wa chama waligawanywa mlango kwa mlango, kila mmoja na kigoda chake, wakakaa wakiwatazama watu jikoni mwao. Muuza mkaa aliuza siku ile.

Ndani tulikuwa wachache: yeye, mimi kwenye waya, Mama Odeta, na wazee kadhaa wa ukoo. Tulichomeka deki kwenye mashine, mashine kwenye televisheni. Kasete ikaingia. Nikabonyeza, taa nyekundu ikawaka, na Prezidante akaweka kidole mdomoni.

Hapo nikagundua kwamba wote waliamini mashine inatusikia, kama redio kaseti tunazorekodia kwaya. Mzee mmoja alikuwa anazuia kikohozi mpaka machozi yanamtoka. Nilijaribu kueleza kwamba mashine haisikii chumba, inasikia waya tu. Nikanyamazishwa kwa macho ya watu watano, kwa sababu nilikuwa naongea wakati mashine inasikia.

Hema likatokea, na wakwe, na makreti. Chenga nyeupe kama theluji zikapita kwenye kioo, zikaondoka. Deki ilikuwa inatoa sauti ya mtu anayetafuna kitu kigumu kwa adabu. Mzee akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Na kabla hajafungua mdomo, taa ya mashine ikafifia.

Ilirudi. Ikafifia tena. Prezidante hakupiga kelele, kwa sababu ya mashine. Alimwonesha Mama Odeta mlango kwa kidevu, na sijawahi kumwona Mama Odeta akikimbia kabla wala baada ya siku ile. Baadaye tulijua: katekista, aliyekuwa na wageni jioni, alidhani amri haihusu watu wa kanisa. Mama Odeta hakubishana naye. Alirudi amekumbatia pasi yenyewe, ya moto, imefungwa kwenye kitenge, shati la katekista likining'inia begani mwake. Akakaa nayo mapajani, akiibadilisha upande kila ilipomuunguza, kimya kabisa, mpaka mzee alipomaliza kusema, wakwe wakapiga makofi, na picha ikaishia kwenye kreti tupu.

Umeme haukukatika. Mpaka leo siwezi kuueleza. Nikaifunga diski isiandikwe tena, kama tulivyoelekezwa dukani, tukangoja mashine ijisemee *Terminé*, imemaliza, na niliporudisha nyuma kasete, katikati ya safari ilikatika kwa sauti kama ya ufito unaovunjika. Prezidante alichungulia ndani ya deki, akauona utepe umelala.

"Imefanya kazi yake," akasema. Kisha akamwambia Mama Odeta, "Rudisha pasi ya mutu wa Mungu."

Diski ile ya kwanza ilikwenda Ubelgiji. Kabla haijaondoka aliipeleka Rohero kwa mwenye kompyuta, ikachapwa nakala, na hapo akafanya jambo lililosumbua mtaa zaidi ya lile la tumbo. Aligawa zote. Moja kwa ukoo wa wakwe, moja kwa dada wa mzee, moja kwa Mama Odeta kwa ajili ya mapaja yake, moja kwa yule msemaji aliyezuiwa na kizuizi, ili naye awepo. Moja alinipa mimi kupitia dirishani, bila hotuba. Yeye hakubaki nayo. Mashine ilikaa chini ya kitambaa chake cha matundu, ikirekodi misiba na harusi za wanachama, na kila diski ilikwenda na wenyewe. Mama Odeta alimuuliza wazi kikaoni: mjane, mwenye mashine, asiye na mume wake nyumbani? Akajibiwa kwamba wamesikia.

Vita vikaisha, kwa namna vilivyoisha. Prezidante akajenga Carama, karibu na mashamba, na chama kikapata prezidante mwingine ambaye tulimwita kwa jina lake. Ilipita miaka, na mara moja moja Prezidante wetu alirudi kwangu kumwona mzee; nilidhani ananitembelea mimi tu. Kasete zangu zilikufa, nikauza vocha za simu kwenye dirisha lile lile.

Siku moja mchana nikasikia nyumba ya tatu wakipewa siri yangu: "Huyu hajaoa bado?" Alikuwa amesimama barabarani, amepungua, mkongojo mkononi, sauti nzima.

"Fungua mlango, Bwana Ndani. Sijakuja kwa dirisha. Nimekuja kumwona mzee."

Nikafungua. Nikampa kiti na Fanta, nikaitafuta diski, nikaipangusa kwenye shati. Akakaa mbele ya televisheni, viatu amevivua, kama mtu aliyefika kwa mwenyeji. Hema. Wakwe. Makreti. Mzee akasimama, akafunga kifungo, akaanza kusema, na Prezidante alimfuata midomo ikitembea bila sauti. Akawashukuru wakwe mmoja mmoja. Akainua mkono.

"Binti tumewapa," alisema mzee, "lakini…"

Akaganda. Mkono juu, mdomo wazi, uso wake umekatika vimraba. Nikaipiga deki yangu ya DVD kofi la ubavuni. Nikaitoa diski, nikaipuliza, nikairudisha. Binti tumewapa, lakini. Vimraba.

"Mama, nisamehe. Imechubuka."

"Najua. Kwako anakwama kwenye 'lakini'. Tangu zamani." Hakuwa na huzuni, alikuwa anamtazama vizuri, yule mtu mrefu aliyesimama na mkono juu, kama unavyomngoja mtu anayetafuta neno. "Kwa wifi yangu anakwama kwenye kushukuru. Kwa yule msemaji hakuna sauti, picha tu, lakini picha safi. Kwa Mama Odeta mwanzo wote umeliwa. Kuanzia 'lakini' mpaka makofi, hakuna hata mukwaruzo."

Ndipo nikaelewa ziara zake, ambazo kila nyumba ilidhani ni yake peke yake. Nikataka kumfariji. Hotuba ile mtaa mzima tuliijua, na kinachofuata ndicho kilichoyumbisha hema, kwa hiyo nikainua mkono wangu kama mzee, nikakohoa, nikaanza: "Lakini redio ya…"

"We, nyamaza," alisema Prezidante, akiinama kuvaa viatu. "Ana mudomo wake."

Akamaliza Fanta, akajifunga kitenge, na akatoka taratibu kwenda kwa Mama Odeta.